Amana ya Mawimbi na Haki ya Msikilizaji

Swali la nani mwenye haki juu ya mawimbi ya redio na televisheni ni la falsafa kabla ya kuwa la sheria, kwa kuwa mawimbi hayo hayazungushiwi ua kama shamba wala hayafungiwi ghalani kama nafaka, na bado hayawezi kutumiwa na kila mtu kwa wakati mmoja, maana vituo viwili vinavyorusha matangazo katika masafa yaleyale na eneo lilelile huvurugana hata kisisikike hata kimoja. Hali hiyo ndiyo iliyozaa leseni, yaani ruhusa ya dola ya kutumia masafa fulani kwa muda maalumu. Nchini Marekani, Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 haikuihesabu leseni kuwa hati ya umiliki, bali ilimtaka aliyepewa aitumie kwa manufaa ya umma. Kwa Kiswahili, alichokabidhiwa si mali yake bali ni amana, na amana ina sifa ambayo mali haina, kwamba aliyeiweka hubaki na haki ya kuiulizia.

Ugumu huanza pale inapotakiwa kujulikana aliyeiweka ni nani. Kwa miongo mitatu, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, ambayo ndiyo hutoa leseni hizo, iliuchukulia umma kuwa kitu kimoja na kujiona yenyewe kuwa msemaji wake, hivyo waliokubaliwa kupinga leseni mbele yake walikuwa wale walioharibiwa biashara au ambao matangazo yao yalivurugwa na mawimbi ya wengine. Msikilizaji wa kawaida hakuwa na haki ya kufungua shauri, kana kwamba hakupoteza kitu. Chini ya msimamo huo ilijificha dhana moja kuhusu madhara, kwamba mtu hudhurika anaponyang'anywa alicho nacho lakini hadhuriki anaponyimwa asichokijua. Dhana hiyo haisimami, kwa sababu anayenyimwa habari hunyimwa pamoja nayo uwezo wa kutambua kwamba kuna kilichokosekana, ilhali mwizi wa kawaida angalau huacha nyuma yake mlango uliovunjwa.

Dhana hiyo ilijaribiwa Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi, ambako kituo cha televisheni cha WLBT kililalamikiwa kwamba mwaka 1955 kilikata makusudi kipindi cha kitaifa kuhusu uhusiano wa rangi, alimoonekana mwanasheria mkuu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, na kuwaonyesha watazamaji tangazo la hitilafu ya mitambo. Mwaka 1964 mchungaji Everett Parker, mkuu wa ofisi ya mawasiliano ya kanisa la United Church of Christ, aliandaa watu wa kujitolea ambao kwa wiki moja walifuatilia matangazo ya kituo hicho na kuweka kumbukumbu ya nani alionekana na nani hakuonekana. Kisha kanisa hilo, pamoja na wakazi wawili wa Mississippi, Aaron Henry na mchungaji Robert L. T. Smith, liliomba leseni isihuishwe. Harakati za mashinani kwa kawaida hupimwa kwa wingi wa watu barabarani, lakini hizi zilianza kwa kitendo kinachodhaniwa kuwa cha unyonge kabisa, yaani kusikiliza.

Tume iliwakatalia, na Machi 1966 Mahakama ya Rufaa mjini Washington, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Warren Burger, ambaye hakuwa mwanamageuzi hata kidogo, iliamua kwamba wasikilizaji nao wana haki ya kusikilizwa, na kwamba Tume haiwezi kudai kuwasemea siku zote.

Hapa neno demokrasia lahitaji uangalifu. Watu weusi walikuwa takriban asilimia 45 ya wakazi wa eneo kuu la matangazo ya kituo hicho, kwa hiyo kama suala lingepelekwa kwenye kura, yamkini walio wengi wangekibakiza kituo kama kilivyokuwa. Anayesema kwamba mageuzi ya vyombo vya habari ni ya kidemokrasia kwa sababu tu umma unayataka, angelazimika kuwahukumu walalamikaji wa Jackson kuwa maadui wa demokrasia, jambo ambalo ni upuuzi. Uhalali wao ulitoka kwingine: aliyekabidhiwa amana huwajibika kwa kila aliye na fungu ndani yake, kama ambavyo msimamizi wa wakfu hawezi kumnyima mnufaika mmoja haki yake kwa kisingizio kwamba wanufaika wenzake wameridhika.

Hata hivyo Tume ilisikiliza shauri upya na mwaka 1968 ikakipa kituo leseni tena, baada ya kuwatwika walalamikaji mzigo wa kuthibitisha kila walilodai. Katika hukumu ya Juni 1969 iliyoifuta leseni hiyo, Burger alilaumu hasa mgeuzo huo, kwa kuwa aliyepaswa kuthibitisha kwamba ameitunza amana ni yule aliyeomba kukabidhiwa tena. Mwaka 1971 kituo kiliwekwa chini ya shirika lisilo la faida, na mwaka uliofuata William Dilday, Mmarekani mweusi, akawa meneja wake mkuu.