Wafiwa Gani?

Kule Kalamba, Makueni, jumuiya yetu ndogo ya kanisa ina daftari. Ni lile la kawaida la shule, jalada limelegea, kona zimejikunja. Ukifiwa, linafunguliwa: jina, kiasi, sahihi ya mweka hazina. Siku ya mazishi majina yanasomwa kwa sauti, kuanzia aliyetoa elfu tano hadi aliyetoa hamsini. Pasaka ya mwaka jana mimi ndiye niliyekalishwa nalo, kwa sababu "wewe umesoma". Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kijijini hiyo bado ni kusoma.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi alikufa jirani mmoja, sitamtaja. Alikuwa na duka na pikapu, na kwenye daftari hakuwa na hata shilingi. Alikuwa akisema kila mtu azike watu wake.

Sasa, Kanisa Katoliki haliadhimishi misa ya mazishi kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumapili ya Pasaka. Familia ilikuwa na njia mbili: wazike mbio mbio kabla ya Alhamisi, na bili ya hospitali haijalipwa, ama wangoje Jumanne baada ya Pasaka huku mochari ikihesabu kila siku. Wakangoja. (Duka lilikuwa limekufa kitambo, pikapu ilikuwa ya mkopo. Hayo tulikuja kuyajua baadaye.)

Jumatano jioni tukakutana chini ya mwembe kupanga sikukuu: nani atapamba altare, nani atanunua mishumaa ya mkesha, kwaya itafanyia mazoezi wapi. Tulikuwa na pesa kidogo za mbuzi na mchele. Mtu akauliza, je, hizi tusipeleke kwa wafiwa? Mzee mmoja akajibu, kwa upole tu, "Wafiwa gani? Huyo si wetu."

Nilitaka kumchukia huyo mzee nikashindwa. Daftari si uchoyo. Sisi vijana wa tauni tunapenda kusema upendo hauhesabiwi, lakini hebu jaribu kuishi kwa upendo usiohesabiwa ukiwa maskini na hujulikani. Bila daftari, michango inafuata sura: mwenye jina anazikwa chini ya mahema matatu, mama muuza mboga anazikwa na watu kumi. Daftari linampa mwenye hamsini haki. Yeye haombi msaada, anadai chake. Wakamba walijua hilo kabla ya kanisa kufika. Mwethya, ule utaratibu wa kusaidiana shambani na kuchimba matuta pamoja, hausimami kama hakuna anayejua nani alikuja na nani alijificha.

Lakini kuna siku daftari halifunguliwi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kutoka Mwingi kwenda harusini Nuu lilizama Mto Enziu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wenyeji waliojitosa majini kuwaokoa wengine hawakuuliza huyu ni wa jumuiya gani. Utasema ule ulikuwa msiba wa nchi nzima, moyo hufunguka wenyewe. Kweli. Kifo cha jirani mwenye maringo hakifungui moyo wa mtu, na hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu wiki hiyo hiyo tunajiandaa kuimba kwamba deni limefutwa, la wote, halafu tukitoka nje tunaulizana risiti.

Na kuna hili linalonihusu. Mkutano ukiendelea, nilipekua kurasa nikitafuta jina langu. Halipo. Susu alipozikwa watu walitoa shilingi 47,300, na tangu hapo anayerudisha ni mama, kwa jina la nyumba. Kazi yangu ya kuandika hulipa inapojisikia. Tofauti yangu na marehemu ni kwamba mimi nina mama.

Sikusema hayo. Nilikaa kimya na biki yangu. Mwenyekiti wetu, mama mjane, akafungua fundo kwenye pindo la leso, akatoa mia mbili. "Andika," akaniambia, "lakini jina usiandike." Wengine nao wakatoa, wengine wakaenda zao mazoezini. Pesa za mbuzi hazikuguswa. Mbuzi alichinjwa Jumapili, tukala, na nitakuwa mwongo nikisema hakunoga. Kwa wafiwa zilifika 6,850, hela ambazo mochari haikuzihisi.

Wiki mbili baada ya mazishi, mjane wa yule jirani akaja kwetu akaomba kuona daftari. Alikuja na karatasi yake. Akawa ananakili majina, moja moja, ajue wa kurudishia wakifiwa. Akafika kwenye ule mstari.

"Mwanangu, huyu wa mia mbili ni nani? Nitamrudishia vipi?"

Nikamwambia sijui.