TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 18: Paka mzee na laki mbili



Leo tuongelee jambo ambalo wengi wanalicheka, lakini likikufika usingizi hupati.

Umefuga paka miaka kumi na tatu. Amelinda magunia yako ya mahindi na panya, amelala miguuni pako baridi zote za Njombe. Sasa amekonda, anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa ovyo, chakula anakiangalia tu. Kwa paka mzee, mara nyingi hizo ni dalili za figo. Huku kwetu, kuanzia Makambako hadi Njombe mjini, wataalamu wa mifugo wapo, ila wamezoea zaidi ng'ombe, nguruwe na kuku. Ukitaka vipimo vikubwa, pengine utaambiwa umpeleke mpaka Morogoro, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Tuseme nauli, vipimo na dawa vinafika laki mbili. Na Idi ndiyo hiyo inakuja.

Majirani watakwambia: "Laki mbili kwa paka? Si uokote mwingine bure!"

Sasa jiulize: huyu ni kitu cha kubadilisha kikichakaa, au ni amana?

Mtume (s.a.w.) alitueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Angalia kosa lake lilikuwa nini. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Hakuadhibiwa kwa kukosa hela. Na Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki Cairo mwaka 660 Hijria (1262 Miladia), alipotaja haki za wanyama juu yetu aliandika kwamba mwenye mnyama aendelee kumgharamia hata akizeeka au kuugua asiwe na faida tena. Kwa hiyo uzee haufuti haki. Aliyekula kwako akiwa na nguvu, atakula kwako akiwa hoi.

Lakini tusichanganye mambo. Kumlisha, kumnywesha na kumweka pakavu ni wajibu, hakuna mjadala. Kununua kila tiba iliyopo duniani ni jambo lingine. Hata kwa binadamu, wanazuoni wengi hawakusema kila matibabu ni faradhi. Na hela ina mpangilio wake. Dini inatufundisha kuanza na wale tunaowalisha. Deni la mtu lina mwenyewe. Zaka ina watu wake wanane, na paka wako hayumo. Zakaatul-fitri ni haki ya masikini, usiiguse. Ukimtibu paka kwa hela ya mwenye haki, hiyo si huruma, umemhurumia mmoja kwa kumdhulumu mwingine.

Je, ikiwa haki zote umeshatoa na laki mbili ni yako? Basi ni halali yako, na usione aibu. Wapo wanaokwambia "ungewapa mayatima," na wao wenyewe hawajawapa mayatima hata buku. Mtume alitufundisha kwamba katika kila kiumbe chenye uhai kuna ujira, na yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa. Hakuambiwa angetafuta kwanza mtu mwenye kiu.

Hata hivyo, kabla hujapanda basi, jiulize swali moja gumu: hela hii inamwondolea yeye maumivu, au inaniondolea mimi uchungu wa kuagana naye? Figo zikishachoka hazirudi. Kama mtaalamu anasema tiba itampa nafuu, nenda. Kama itamwongezea safari na sindano tu ili wewe usilie wiki hii, basi huruma ni kubaki naye nyumbani: maji karibu, kitambaa cha joto, chakula laini, mkono wako.

Kuhusu sindano ya kummaliza, wanazuoni wametofautiana. Vitabu vya Kishafii vinakataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Wengine wameruhusu akiwa katika mateso yasiyo na matumaini. Usiamue kwa hasira wala kwa uchovu. Muulize sheikh wako na mtaalamu pia.

Na jamani, usimpe panado. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka. Kujua hili ni bure, na ni sehemu ya kutunza amana.

Kazi ya leo: kabla ya kufuturu, weka maji safi nje kwa ajili ya mnyama yeyote anayepita. Kisha mkumbuke mzee mmoja, mtu au mnyama, ambaye faida yake kwako imekwisha, umtendee wema leo.

Ewe Mola, tujaalie tuwe waaminifu kwa kila ulichotukabidhi, kikiwa na nguvu na kikiwa dhaifu. Aamin.

Mtumie na mwenzako. Kesho in shaa Allah tukutane siku ya 19.