MBWA ALIYEBAKI MLANGONI

Neno la mwezi kutoka kwa mchungaji
Masomo ya kusoma nyumbani: Mithali 12:10, Kutoka 11:4-8, Mathayo 15:21-28

Tunawasalimu nyote hapa Nakivale, ninyi wa vilimani na ninyi wa kando ya ziwa, wagonjwa walio nyumbani, na wazee wanaosomewa jarida hili na wajukuu wao.

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya mbwa na paka. Tunajua wengine watacheka. Wengine watasema, "Mchungaji, mgao umepunguzwa, watoto hawashibi, nawe unatuletea habari za mbwa?" Wapendwa, tuvumiliane kidogo. Tusikie kwanza jambo lililotupata, kisha kila mtu apime mwenyewe kama ni mzaha.

1. JAMBO LILILOTUPATA

Mwaka 2024 familia moja ya kanisa letu ilipata safari ya kwenda nchi ya tatu. Tulifurahi pamoja nao. Tulikesha, tuliimba, tuliwawekea mikono. Asubuhi tuligawana vitu walivyoacha: huyu alipata godoro, yule masufuria, mwingine jembe na jerikani. Hata turubai la jikoni lilipata mtu. Gari lilipoondoka, mbwa wao alilifuata mpaka barabara kubwa. Lilipomshinda alirudi, akalala mlangoni.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za yule mbwa.

Alilala pale karibu wiki nzima. Watu wapya waliopewa ile nyumba walimfukuza, maana hawakumjua. Akaanza kuzurura sokoni. Vijana wakamtupia mawe, na tuseme kweli, baadhi yao ni vijana wa kwaya yetu. Mbwa aliyekuwa akilamba mikono ya watoto akaanza kuonyesha meno. Siku moja alimuuma msichana wa miaka minane aliyekuwa anatoka kuchota maji. Mtoto alificha kidonda siku nne kwa kuogopa kupigwa nyumbani. Mama yake alipokigundua alikimbia naye kwenye kituo cha afya, akaambiwa chanjo imekwisha, aende mjini. Nauli hakuwa nayo. Usiku ule tulipita nyumba kwa nyumba tukichanga. Tunamshukuru Mungu, mtoto yu hai na mzima mpaka leo. Mbwa alipigwa marungu akafa.

Baadaye tulikaa na wazee wa kanisa tukaulizana: kosa ni la nani? Mbwa hana dhambi. Familia ile ilikuwa na siku chache tu za kujitayarisha, na kwenye safari ya namna hiyo mbwa hapandi. Wapendwa, kosa lilikuwa letu sisi tuliogawana masufuria.

2. USIKU ULE TULIPOTOKA

Someni Kutoka mlango wa 11. Musa anamwambia Farao kwamba usiku wa kutoka kitasikika kilio katika nchi yote ya Misri, lakini kwa upande wa Waisraeli hata mbwa hatawatishia, wala watu wala mifugo yao. Wengi wanaupita mstari huo haraka. Sisi tuliotoka Kivu hatuwezi kuupita haraka. Sisi tunajua kwamba usiku wa kukimbia, sauti ya mbwa mmoja inaweza kuua kijiji kizima.

Tunakumbuka jinsi tulivyonong'ona. Tunakumbuka akina mama waliowaziba watoto midomo. Na wengine wetu tuliwafunga mbwa wetu kamba ili wasitufuate na kutuonyesha kwa kubweka. Tulidhani tutarudi kesho yake. Hatukurudi.

Katika maombi yetu ya faragha tumewasikia wazee, wanaume wazima, wakilia kwa sababu ya mbwa aliyefungwa kwenye mwembe na hakuna aliyekwenda kumfungua. Huona haya kulisema, kwa kuwa siku zile walikufa pia watu, na mtu hufikiri kwamba akimtaja mbwa anawadharau marehemu. Mzee wetu, usione haya. Mwanzo 8:1 inatuambia kwamba Mungu alimkumbuka Nuhu, na pamoja na Nuhu aliwakumbuka wanyama waliokuwa naye katika safina. Na mwisho wa kitabu cha Yona, Mungu anapoeleza kwa nini anauhurumia mji wa Ninawi, anataja watu wake wengi, na mwishoni kabisa anataja na mifugo. Mungu mwenye hesabu pana namna hiyo hawezi kukukasirikia kwa chozi ulilomlilia mbwa wako.

Usiku ule hatukuwa na la kuchagua. Lakini hapa tulipo sasa tunaweza kuchagua. Hilo ndilo neno letu la mwezi huu: sisi tulioachwa na kuacha, tusiwe watu wa kuacha pale ambapo hatulazimiki.

3. MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI

Wengine hutuambia, "Mchungaji, Biblia yenyewe inawasema mbwa vibaya." Ni kweli. Mahali pengi mbwa wa Biblia ni wale wa mitaani, wanaokula mizoga, kama wale waliomla Yezebeli. Lakini angalieni vizuri: hao ni mbwa wasio na mwenyewe. Mbwa asiyelishwa na mtu atakula alichokiona. Hata huyu wetu hakuwa mkali mpaka alipokosa nyumba.

Tena katika Mathayo 15, Yesu anapozungumza na mwanamke Mkanaani, neno la Kiyunani lililotumika ni kunarion, yaani mbwa mdogo, wa nyumbani. Si neno lile la Paulo katika Wafilipi 3:2 anapowaonya watu juu ya mbwa. Yule mama alikuwa mgeni, mtu wa taifa lingine, kama sisi hapa. Yeye hakuomba mbwa wafukuzwe. Alijua nyumba inavyokuwa: watoto wanakula mezani, na mbwa aliye chini anapata makombo, na makombo hayampunguzii mtoto kitu. Hapo ndipo lilipo jibu kwa anayeuliza habari za mgao. Hatumwambii mtu atoe posho kinywani mwa mtoto. Tunasema ukoko wa sufuria, mabaki ya ndagala, na bakuli la maji safi. Asiyeweza hata hayo, basi asichukue mtoto wa mbwa. Kukataa kufuga si dhambi. Dhambi ni kufuga na kutesa.

Kumbukeni na mfano ambao nabii Nathani alimwambia Daudi katika 2 Samweli 12. Maskini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu, akala chakula chake, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Nathani hamcheki yule maskini. Daudi aliposikia hakucheka. Alikasirika kwa ajili ya mtu aliyenyang'anywa. Basi tukimkuta mama mjane wa kanisa letu jioni anazungumza na paka wake, sisi tunacheka nini? Watoto wake wako wapi? Anayemngojea akitoka shambani ni nani? Ni yule paka tu.

Na paka? Katika vitabu 66 tunavyosoma kanisani kwetu, paka wa nyumbani hatajwi. Lakini Mithali 12:10 haikutoa orodha. Inatufundisha kwamba mtu wa haki hujali uhai wa mnyama aliye wake. Paka anayelinda gunia lako la mahindi lisiliwe na panya ni wako.

4. MAMBO YA KUTENDA

Imani bila matendo imekufa, kwa hiyo tunasema wazi.

Chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote wameumwa na mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili ndani ya mtu, dawa ya kumponya hakuna, lakini ukiwahiwa unazuilika kabisa. Mbwa wakichanjwa kiasi cha 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Daktari wa mifugo akija kuchanja, mpeleke mbwa wako, na paka pia. Usimfiche.

Mtu akiumwa. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha nenda kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Usipake pilipili, majivu wala majani. Na zile sindano zote zimalizwe. Wazazi, waambieni watoto leo hii: "Ukiumwa na mbwa, njoo useme, hutapigwa." Mtoto wetu alikaa siku nne kwa hofu ya fimbo. Fimbo ile ingemuua kuliko mbwa.

Kamba na kivuli. Mbwa anayefungwa kutwa juani kwa kamba fupi, bila maji, huwa mkali. Usitumie waya. Mfunge kivulini, na jioni mfungue atembee nawe.

Paka na sumu. Ukitega sumu ya panya, paka atakula panya aliyekula sumu, naye atakufa. Chagua moja, paka au sumu. Wala usimnyime paka chakula ukidhani ndipo atawinda. Paka aliyekula bado anawinda, tena ana nguvu ya kuwinda.

Majirani. Ndugu zetu Wasomali wengi wao ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Paka wanawapenda, na kwao huingia ndani. Usimwache mbwa wako aingie kwao wakati wa swala au akilambe chombo chao, kisha ukaanza ugomvi. Mfunge saa hizo. Huo nao ni upendo kwa jirani.

Mawe. Vijana, tunawaomba kama baba zenu. Tulipofika hapa mara ya kwanza, tuliomba Mungu tusipokewe kwa mawe.

5. TUMEAMUA NINI

Safari za Marekani zilisimama kwa walio wengi tangu Januari 2025, na tunawaombea wote waliobaki katikati ya njia, waliouza vyombo vyao wakabaki bila vyombo na bila safari. Lakini wapo wanaopata nchi nyingine, na wapo wanaohama kijiji au kurudi nyumbani. Wazee wa kanisa wamekubaliana hivi: siku ya kuagana, kabla ya sufuria ya kwanza kugawanywa, shemasi atauliza mbele ya wote, "Mbwa anakwenda kwa nani? Paka anakwenda kwa nani?" Na anayesafiri amkabidhi mnyama wake wiki moja au mbili kabla, aende naye mwenyewe kwenye nyumba mpya, amlishe pale kwa mkono wake, ili ajue kwamba hapo pia ni kwao.

Ni jambo dogo. Lakini aliyekuwa mwaminifu katika dogo, Bwana humwamini katika kubwa. Na sisi tunajua kuliko wengi maana ya kupata mtu wa kukuambia, "Ingia, hapa pia ni kwako."

Tuombe: Ee Bwana, uliyetukumbuka sisi njiani, utusamehe wale tuliowaacha tukiwa hatuna la kufanya, na wale tuliowaacha tukiwa tunaweza. Utupe mikono ya huruma kwa kila kiumbe ulichotukabidhi. Uwalinde watoto wetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote mpaka tutakapoonana Jumapili.

Mchungaji wenu