Msabato wa Kenyenya na Mbio za Le Mans

Hakuna jambo lifunualo itikadi ya mtu juu ya wakati kama mpango wa safari ya tafrija, kwa sababu safari ya dharura, kama ile ya kwenda kwa tabibu au mazikoni, humsukuma mtu atake asitake, ilhali safari ya tafrija huchaguliwa kwa hiari, huwekewa akiba, huhesabiwa siku zake miezi mingi kabla ya kuwadia, na katika kila hesabu mwenye safari hutoa hukumu, ajue asijue, juu ya swali ambalo masheikh, wachungaji na wanafalsafa wamelijadili tangu kale: wakati ni mali ya nani?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini pana faida ya kuliuliza Kenyenya, katika vilima vya chai na migomba vya Kisii, kwa kuwa wengi wa wakazi wake ni Waadventista Wasabato, warithi wa misheni iliyoanzishwa Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, na Arthur Carscallen na wenzake mwaka 1906, kisha ikapanda milimani hadi Nyanchwa. Huku Ijumaa ni siku ya maandalio kwa maana yake kamili. Adhuhuri kuni zimekwisha kupasuliwa na maji yamekwisha kutekwa. Alasiri maharage yamechemshwa, nguo zimepigwa pasi, viatu vimesuguliwa na kupangwa ukutani. Na jua lichwapo, mkulima Msabato hachumi tena chai wala hahesabu fedha mpaka jua la kesho yake lichwe nalo. Ng'ombe, walakini, hukamuliwa, maana kiwele hakijui siku, na dini isiyomhurumia mnyama haingedumu katika nchi ya wafugaji.

Watu hawa hawa, kama Wakenya wenzao, wanayapenda magari. Nchi yetu ina mashindano yake tangu mwaka 1953, yalipoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na Safari Rally, jina yalilolipata baadaye, kwa miaka mingi iliangukia Pasaka, hata vijana wakajifunza kuingoja sikukuu kwa sababu mbili. Majina ya Joginder Singh, aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, yalitajwa vijijini na watu wasiopata kuketi katika gari dogo maishani mwao. Mbio hizo zilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, na mwaka 2024 zikafanyika tena katika siku za Pasaka. Si ajabu, basi, kwamba mtu aliyekwisha kuliona vumbi la Naivasha atamani kuyaona mashindano ya Ulaya pia.

Tuseme basi yupo Msabato mmoja wa Kenyenya, fundi wa magari au mwalimu, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiweka akiba ili mwezi wa Juni aende Le Mans, Ufaransa, kwenye yale mashindano ya saa 24 yaliyoanza mwaka 1923. Jambo la kwanza litakalomkabili ni karatasi. Ubalozi utamtaka aonyeshe taarifa ya benki, mahali atakapolala, tiketi ya kurudi, na bima isiyopungua yuro 30,000, itakayogharimia matibabu ya dharura na hata kurudishwa kwa maiti yake endapo atafia huko. Kwa maneno mengine, anatakiwa aoneshe yakini ya kesho, jambo asilopewa mwanadamu. Waraka wa Yakobo unawakemea wafanya biashara wapangao kwenda mji fulani na kukaa huko mwaka mzima, ilhali uhai wao ni mvuke. Na Kurani, katika sura ya Pango, inamkataza mtu kusema kwamba atatenda jambo kesho pasipo kuliunganisha na mapenzi ya Mungu. Hata hivyo sioni kwamba maandiko hayo yanakataza kupanga. Yanakataza ghururi ya mpangaji, na katika safari nzima huenda yule karani wa viza, adaiye bima ya maiti, ndiye peke yake atakayemkumbusha msafiri wetu mauti yake.

Jambo la pili ndilo kiini cha makala haya. Mashindano ya magari ya Ulaya, kwa desturi, hujaza siku tatu za mwisho wa juma: Ijumaa ya mazoezi, Jumamosi ya kupigania nafasi za kuanzia, na Jumapili ya mbio zenyewe, na siku hizo tatu ndizo Waislamu, Wasabato na Wakristo wengine wamezitenga, kila umma siku yake. Hapana shaka waliozipanga hawakukusudia kumkera mtu. Walitafuta siku ambazo watu hawaendi kazini. Lakini matokeo ni kwamba yeyote mwenye dini, akitaka kuhudhuria, atakuta siku yake imekwisha kukaliwa. Le Mans lina utaratibu wake: majaribio hufanywa katikati ya juma, madereva hutembezwa mjini siku ya Ijumaa, na mbio huanza Jumamosi saa kumi alasiri na kwisha Jumapili saa kumi alasiri. Sehemu kubwa ya shughuli imeangukia wakati usiomzuia Msabato, lakini mwanzo wa mbio wenye shangwe umeangukia ndani ya Sabato.

Kipimo cha Sabato ni jua, si saa ya ukutani, na jua la Juni halina usawa baina ya nchi. Kenyenya, iliyo karibu na Ikweta, huchwewa saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, mwaka mzima kwa tofauti ndogo tu. Le Mans, katikati ya Juni, huchwewa saa nne usiku. Mbio zianzapo huko saa kumi alasiri, kwetu ni saa kumi na moja. Basi Msabato aliyebaki nyumbani Kenyenya na televisheni yake atapitwa na muda usiotimia saa mbili, kisha jua litachwa naye ataruhusika kuiwasha, ilhali jirani yake aliyeuza ng'ombe, akapanda ndege na kuvuka bahari ili ayaone magari yale yale kwa macho yake, atapitwa na saa sita, robo ya mashindano yote. Imani ni moja, amri ni moja, mbio ni zile zile. Aliyegharimika zaidi ndiye atakayeona kidogo zaidi.

Mwenye akili nyepesi atasema dawa ipo: na alishike jua la kwao, ahesabu kwamba Sabato ya Kenyenya imekwisha, aingie uwanjani. Hoja hiyo ina mvuto, lakini haisimami. Siku takatifu si mkataba wa kufungwa na saa ya nyumbani. Ni utii kwa ishara iliyowekwa mbinguni juu ya kichwa cha mtu popote alipo, na mtu hawezi kusimama chini ya jua linalowaka akadai kwamba kumekuchwa. Waislamu wa pwani wanaujua mjadala huu kwa njia yao, kwa kuwa sheria yao inampa msafiri ruhusa ya kufupisha sala za rakaa nne ziwe mbili na kuiahirisha saumu, lakini haimpi ruhusa ya kuswali magharibi kabla jua halijazama. Sabato haina hata ruhusa ya kufupishwa. Ndefu au fupi, ni ya machweo hadi machweo.

Wa pili atasema kwa busara zaidi kwamba kutazama si kazi, na kwamba Sabato iliwekwa kwa faida ya mwanadamu, kwa hiyo furaha isiyo na madhara haiivunji. Nakubali nusu ya kwanza ya msingi wake na kuikataa natija. Amri ya kupumzika, tukiisoma hadi mwisho, haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja na mtumwa wake, na mgeni aliye malangoni mwake, na mnyama wake. Mtazamaji haendeshi gari, ni kweli, lakini tiketi yake ndiyo ijira ya aendeshaye, ya mpishi wa vibandani, ya mfagiaji na ya mlinzi wa lango. Anaketi kwa utulivu juu ya jasho la wengine. Na zaidi ya hayo, pumziko si ukosefu wa jasho tu; ni kuitoa nafsi katika mashindano, kukubali kwamba kwa siku moja hakuna ashindaye wala ashindwaye, jambo lisilopatana na uwanja ambao kila dakika yake inapimwa kwa sehemu za elfu.

Yapo mambo mawili katika historia ya michezo ya Ufaransa yanayofaa kuzingatiwa hapa. Mwaka 1924, katika Olimpiki ya Paris, Mskoti Eric Liddell alikataa kukimbia mbio za mita 100 kwa sababu mchujo wake uliangukia Jumapili, siku aliyoitakidi kuwa ya Bwana. Akakimbia mita 400 siku nyingine, akashinda. Watu humsimulia kwa ajili ya ule ushindi, lakini uamuzi wake ulikuwa umekamilika kabla ya ushindi, na ungekuwa sahihi kwake hata angalirudi kwao mikono mitupu. La pili ni la Le Mans lenyewe. Zamani madereva walipanga mstari upande mmoja wa barabara, wakakimbilia magari yao upande wa pili, wakaondoka kwa pupa, mara nyingi bila kufunga mikanda. Mwaka 1969 Jacky Ickx, kwa kuipinga desturi hiyo, alitembea taratibu, akafunga mkanda wake, akaondoka wa mwisho. Katika mzunguko wa kwanza kabisa dereva John Woolfe alipata ajali akafa. Ickx na mwenzake Jackie Oliver waliendesha usiku kucha, na saa ishirini na nne zilipotimia walikuwa mbele kwa mita 120 hivi. Mwaka uliofuata desturi ya kukimbilia magari ikafutwa. Aliyekubali kuanza nyuma hakupoteza mbio, kwa sababu mbio za siku nzima haziamuliwi mlangoni.

Nalitaja hili bila kuahidi kwamba utii hulipwa papo hapo, wala kwamba uasi huadhibiwa papo hapo. Tarehe 11 Juni 1955, siku ya Jumamosi, gari la Pierre Levegh liliruka likaingia katika umati wa watazamaji pale Le Mans, na watu zaidi ya 80 wakafa, nao walikuwa wamepanga safari zao kama yeyote apangavyo. Atakayesimama mimbarini akadai kwamba walikufa kwa sababu ya siku yao amesahau jibu alilolitoa Yesu juu ya watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Wafu wale hawakuwa wakosaji kuliko waliobaki hai, na mshikaji wa Sabato naye anaweza kufa njiani akitoka kanisani.

Sheria ya nchi yetu imefanya sehemu yake. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya kuiadhimisha siku yake ya ibada, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Waadventista kwa faida ya wanafunzi wao waliokuwa wakitakiwa kuhudhuria masomo Jumamosi. Lakini sheria humlinda mtu na mwalimu wake na mwajiri wake; hakuna mahakama imlindayo na matamanio yake mwenyewe, na huko ugenini, ambako hapana mzee wa kanisa amjuaye wala jirani atakayeuliza alikuwa wapi, hakimu atakuwa yeye peke yake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba safari hiyo si haramu, na tafrija si dhambi, ila sharti swali la siku liamuliwe kabla ya tiketi kununuliwa, kwa kuwa anayengoja kuamua langoni, injini zikinguruma na fedha zikiwa zimekwisha kutoka, ameshaamua. Wewe msomaji unayeiwekea akiba safari ya namna hii, uwe Msabato, Mkatoliki au Mwislamu, andika kwanza katika mpango wako saa zisizo zako, kisha uzigawe zilizobaki upendavyo. Na ukiona kwamba zilizobaki hazitoshi kuihalalisha gharama, baki nyumbani bila kinyongo.