Skafu Shingoni, Mafuta Chomboni

Somo: Mathayo 25:1–13



Mwenge wa Uhuru unapopita katika wilaya zetu, vijana wa skauti ndio huwavisha wageni skafu. Husimama wima, hupiga saluti, nasi wazazi twafurahi. Ni vema. Lakini sherehe ikiisha, skafu hufuliwa na kukunjwa, naye kijana hubaki na kile kilichomo ndani yake. Hicho ndicho tukitazame leo.

Uskauti ulianzia Uingereza. Mwaka 1907 askari mmoja, Robert Baden-Powell, aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, wana wa matajiri pamoja na wana wa wafanyakazi. Walipiga kambi, wakapika, wakajifunza kufuata nyayo na kuokoa maisha. Wito wa skauti ni mfupi: kuwa tayari. Naye huahidi kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa nchi, kuwasaidia watu wengine, na kuitii sheria ya skauti.

Habari ya kuwa tayari Bwana wetu aliifundisha zamani kwa mfano wa wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walisinzia. Kwa macho usingeweza kuwatofautisha. Tofauti ilionekana usiku wa manane, bwana arusi alipokaribia: watano walikuwa na mafuta ya akiba, watano hawakuwa nayo. Wala tusidhani wale wenye busara walikuwa wachoyo. Yako mambo ambayo hayaazimiki.

Sisi watu wa Runzewe twalielewa jambo hili upesi. Mchimbaji hukagua tochi na kamba kabla hajashuka duarani. Akishafika chini na tochi ikazimika, wenzake walio juu hawawezi kumtupia mwanga. Ndivyo ulivyo uaminifu. Mtoto hawezi kuuazima kwa mama yake siku ile rafiki atakapomwita machimboni kwa ahadi ya fedha za haraka, wala siku atakapoachiwa mali isiyo yake.

Simlaumu mchimbaji, wengi wetu twala kwa jasho hilo. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, na uchimbaji umo. Mtoto anayebeba mawe na kushika zebaki wakati wenzake wako darasani, huyo ananyimwa mafuta kabla taa yake haijawashwa. Baba na mama, msiseme amejitakia mwenyewe. Ulizeni amelala wapi, na fedha aliyoleta imetoka wapi.

Basi mafuta hupatikanaje? Hupatikana tone kwa tone. Mtoto hujifunza kutimiza ahadi kwa kumwona mkubwa akitimiza yake. Kijana anayemchotea maji mjane bila kuagizwa ameongeza tone. Anayerudisha chenji yote ameongeza tone. Anayesali hata pasipo mtu wa kumwona ameongeza tone.

Na wakubwa je? Vijana hawawezi kujilea wenyewe. Wanahitaji watu wazima watakaotoa Jumamosi zao, kwa skauti au kwa shule ya Jumapili. Tukijitoa, twende wawili wawili. Mtoto asiachwe faraghani na mkubwa mmoja. Ulinzi huo nao ni sehemu ya kuwa tayari.

Baden-Powell alifariki Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko. Juu ya jiwe la kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati. Kwa skauti wafuatao njia, alama hiyo maana yake ni kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Nasi watoto wetu wanafuata nyayo zetu. Je, zitawafikisha nyumbani?

Ee Bwana, utujalie mafuta katika vyombo vyetu, na watoto wetu wakae macho pamoja nasi hata utakapokuja. Amina.

Mwalimu mstaafu