Kusimama Mlangoni pa Serikali: Haki na Mipaka Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, mas'ala tutakayoyaeleza katika kurasa hizi ni haya: raia wakiwa na shtaka juu ya watawala wao, je, yajuzu wakusanyike penye ua wa serikali, au barabara yake, au mbele ya nyumba ya baraza lake, walitangaze shtaka lao pasina silaha? Na ikiwa yajuzu, ni nani awawekee kanuni, na kanuni hizo zikomee wapi? Twauliza kwa kuwa damu imekwisha kumwagika kwa jambo hili, na kwa kuwa watawala na raia kila mmoja hudai kwamba mahali hapo ni pake.

Tuanze na mahali penyewe. Mali ya serikali si mali ya watu wa serikali. Waziri hakuijenga nyumba ya wizara kwa fedha yake, wala askari hakuitandaza barabara aisimamiayo. Yote yamepatikana kwa kodi ya mvuvi, na mchuuzi, na mjane alipaye ushuru ndani ya bei ya sukari yake. Basi aliyekabidhiwa mahali hapo ni mfano wa msimamizi wa wakfu: ana amri ya kupafagia, na kufunga mlango usiku, na kuzuia uharibifu, lakini hana amri ya kuwafukuza wale waliowekewa wakfu huo. Na neno hili hukata pande mbili. Kwani ikiwa mahali si pa mtawala peke yake, si pa waandamanaji peke yao vile vile. Avunjaye kioo cha afisi ya serikali hakumvunjia waziri. Amemvunjia mjane yule yule.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walikwisha kuitazama njia ya umma. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba njia asili yake ni kwa ajili ya wapitao, na pamoja na hayo mtu aweza kukaa humo kwa mapumziko au biashara, maadamu hawabani wapita njia. Wala hakumshurutisha aombe idhini ya mtawala. Hakuwa akisema juu ya maandamano, nasi hatumsingizii. Lakini twapata humo kipimo kilicho sawa: haki ya kupita haiifuti haki ya kusimama, wala haki ya kusimama haiifuti haki ya kupita. Kinachoamua kati yao ni madhara, si ghadhabu ya mkubwa.

Sasa na tuitazame nchi ya Kenya, kwani mambo haya yamepita humo waziwazi. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi penye kituo cha polisi, wakitaka afunguliwe Harry Thuku, aliyekamatwa siku mbili kabla. Wakapigwa risasi, wakafa watu wasiopungua 21. Mwaka 1992 mama za wafungwa wa siasa walikaa katika bustani ya Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakishinda na njaa, wakidai wana wao. Polisi wakawatawanya kwa virungu na gesi ya machozi. Mama wale hawakurudisha jiwe. Walihamia katika kanisa la All Saints lililo karibu, wakadumu hapo yapata mwaka, hata wengi wa wafungwa wale wakafunguliwa.

Kisha sheria yenyewe ikabadilika. Mwaka 1997 leseni ya kukusanyika iliondolewa, ikawekwa taarifa mahali pake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, ikampa kila mtu haki ya kukusanyika, na kuandamana, na kupeleka malalamiko kwa wakuu, kwa amani na pasina silaha. Na Sheria ya Utulivu wa Umma yamtaka mwandalizi ampelekee mkuu wa kituo cha polisi taarifa, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla, ataje jina lake, na siku, na saa, na mahali au njia. Na mkutano uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Msomaji apime neno hilo, taarifa. Taarifa si ruhusa. Amwambiaye jirani, "Kesho nina arusi," hakumwomba jirani idhini ya kuoa. Amemwambia apate kujua kwamba njia itajaa watu. Basi askari apewaye taarifa kazi yake ni kupanga mapito ya magari, na kuzuia makundi mawili yasikutane mahali pamoja, na kuwalinda wasemao. Akiigeuza taarifa kuwa ruhusa, amechukua kisicho chake.

Tarehe 25 Juni 2024 watu, wengi wao vijana, walitoka kuupinga mswada wa fedha. Baadhi yao wakaingia ndani ya majengo ya Bunge, na sehemu yake ikatiwa moto. Na askari wakapiga risasi. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi mswada ule. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilihesabu, hata tarehe 1 Julai, watu 39 waliokufa katika maandamano ya siku hizo. Wako waliosema kwamba moto ulihalalisha risasi, na wako waliosema kwamba risasi zilihalalisha moto. Kauli zote mbili ni batili. Aliyetia moto atashikwa kwa kosa lake, atozwe na aadhibiwe; lakini kosa lake haliwi kosa la aliyesimama nje na bendera mkononi. Na nyumba hujengwa tena, lakini nafsi iliyotoka hairudi. Wala wenye shtaka wasijipoze kwa methali isemayo dawa ya moto ni moto, kwani waliounguza ni nyumba yao.

Mwaka 2025 ulipelekwa Bungeni mswada wa kukataza mikusanyiko ndani ya mita 100 kutoka Bunge, na mahakama, na mahali pengine palindwapo. Tusiukatae wote wala tusiukubali wote. Kwa mahakama, neno hili lina sura ya haki, kwani hakimu asihukumu hali anasikia ngurumo za watu dirishani, akaogopa wingi wao. Lakini Bunge si mahakama. Mbunge ni wakili wa raia, na wakili amewekwa ili asikie. Kumtenga mwenye shtaka na mlango wa wakili wake ni kumwambia aseme na ukuta. Ikiwa hofu ni kuvamiwa, dawa yake ni uzio imara na askari wenye adabu mlangoni.

Wako maulamaa watukufu wanaoyakataza maandamano kwa kuogopa fitina, wakiona nasaha kwa mtawala yafaa itolewe faraghani. Hofu yao ni ya kweli, na anayeidharau hajaona mji uliovunjika. Walakini faragha yamfaa yule afunguliwaye mlango. Muuza samaki ataingia kwa waziri kwa mlango gani? Na wahenga wamesema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi azibaye vinywa vyote hakuiondoa fitina, ameiahirisha tu.

Basi kanuni ya haki ijulikane kwa alama hizi: itake taarifa wala isitake ruhusa, ipange saa na njia, wala isichague maneno, imwadhibu mkosaji kwa jina lake, wala si umati, na iwe moja kwa wote. Wakiachwa wasifuo serikali, na wakatawanywa wailaumuo, mahali pale pale na saa ile ile, hiyo si kanuni bali ni upendeleo. Na juu ya raia ni haya: mikono iwe mitupu, njia ya mgonjwa isizibwe, duka la mtu lisiguswe, arushaye jiwe azuiwe na wenziwe kabla ya askari, na saa waliyoitaja ikifika, watawanyike.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watawala wetu masikio, na awape vijana wetu subira, na awarehemu waliokufa. Amin.