Hodi Kwenye Mlango wa Gari

Nyumbani kwa mtu huingii bila hodi, na usipoitikiwa mara tatu, unarudi ulikotoka. Je, mwenye nyumba akipanda gari, hodi yake inabaki wapi?

Trafiki hapigi hodi. Anapiga mkono, gari linasimama. Sina ugomvi na mkono huo. Barabara ni ya wote, na anayeendesha kwa breki mbovu au akiwa amelewa anahatarisha watoto wa wenzake. Leseni, bima, matairi, taa: hayo yanaihusu barabara. Swali langu linaanza pale mkono unapotoka kwenye taa ukaenda kwenye buti, kisha mkobani, kisha kwenye simu, mpaka abiria naye aulizwe: "Huyu dada ni nani wako?"

Husemwa kwamba asiye na hatia haogopi kupekuliwa. Wasemao hivyo wanachanganya siri na sitara. Hatuvai nguo kwa kuwa miili yetu ina makosa. Dawa za mgonjwa, hati ya talaka, nguo za mtoto aliyefariki zikiwa zimefungwa kwenye mfuko: hakuna kilicho haramu hapo, na bado ni uchungu kuvitandaza kando ya lami watu wakitazama.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamkinga mtu na upekuzi, na pia asitakiwe kueleza mambo ya familia yake pasipo ulazima. Ulazima huo unapimwaje? Mwaka 1979, katika kesi ya Delaware dhidi ya Prouse, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza polisi kumsimamisha dereva mmoja kwa kubahatisha, bila kumshuku kwa lolote, ili tu wakague leseni. Mwaka 1990 iliruhusu vizuizi vya kupima ulevi, ambapo kila gari linasimamishwa. Mwaka 2000 ikakataa vile vya Indianapolis vya kusaka dawa za kulevya. Mlevi ni hatari ya barabara yenyewe. Kusaka dawa ni upelelezi wa kawaida, nao unataka shaka juu ya mtu fulani.

Naafiki mpaka huo: sababu ya kusimamisha iwe ndiyo kikomo cha kukagua. Askari akishuku jambo jingine, awe na dalili anayoweza kuitaja mbele ya hakimu, na amtajie dereva kwanza. Kuitaja ndiko kupiga hodi. Afande, kabla hujafungua buti, mwambie mwenye gari unatafuta nini.